Jukwaa la Kop pale Anfield lina jina la kilima cha vita ya Makaburu. Vita ile hasa ilikuwa ya nini?

#1 Mtoto wa Temeke

Wakuu, salaam.

Juzi tupo kibandani tunaangalia mpira, mtangazaji akalitaja jukwaa la Kop. Dogo mmoja akaniuliza maana yake. Nimeishabikia Liverpool miaka kumi na saba na sikuwa na jibu la kumpa. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma.

Kumbe ni kifupi cha Spion Kop, kilima kilichoko Natal, Afrika Kusini. Waingereza walipigwa pale na Makaburu tarehe 24 Januari 1900. Waliokufa wengi walikuwa vijana wa Liverpool, ndiyo maana klabu ikawaenzi ilipojenga jukwaa lake mwaka 1906.

Sasa kilichonikera ni hiki. Shuleni tulisoma Majimaji, tukasoma Mau Mau, lakini vita hii ilipewa nusu ukurasa kwa sababu eti ni Wazungu kwa Wazungu. Nimesoma usiku tatu mfululizo na msimamo wangu ni kwamba ilikuwa vita ya dhahabu, basi. Hayo mengine ni maelezo ya kupamba. Anayebisha aje na hoja, tuelimishane.

#2 Kiti cha Mbele

Nimeshakaa. Ngoja wenye historia yao waje.

#3 Mwalimu Ngosha

Mleta uzi, hongera kwa kuchimba. Nafundisha historia mwaka wa 22 huu, naomba nirekebishe mambo mawili kabla hayajasambaa.

La kwanza, wale wa Liverpool. Vikosi vilivyopanda kilima usiku ule vilikuwa vya Lancashire kwa upana wake: Lancashire Fusiliers ambao makao yao yalikuwa Bury, Royal Lancaster, na South Lancashire wa Warrington. Miji hiyo haiko mbali na Liverpool, na bila shaka wapo wana Liverpool waliokuwemo, ila kusema "wengi walikuwa vijana wa Liverpool" ni kuivuta kamba. Jina la jukwaa lilipendekezwa na mhariri wa michezo wa gazeti la pale, Ernest Edwards.

La pili, neno lenyewe. Kop kwa lugha yao ni kichwa, yaani kilele. Spion ni mpelelezi. Kilima cha kuchungulia.

Na kilichotokea pale ni vizuri kikajulikana. Wanajeshi kama 1,700 walipanda gizani, ukungu umetanda, wakidhani wamefika kileleni. Wakaanza kuchimba handaki. Sururu na koleo walizokuwa nazo ni ishirini ishirini tu, na chini ya udongo kiasi kidogo ni mwamba mtupu. Handaki likaishia kuwa la kina cha magoti. Ukungu ulipoondoka asubuhi wakaona kilele halisi hakiko pale walipo, na Makaburu wako vilima vya jirani wanawaangalia kwa juu. Mizinga na bunduki za Mauser zikaanza. Jenerali Woodgate akapigwa mapema. Jua la Januari la Natal, maji hakuna. Zaidi ya 240 wakafa, na wengi wakazikwa humo humo ndani ya handaki walilochimba. Ukienda leo utaona mstari mrefu wa mawe meupe, ndilo kaburi lao.

Usiku Waingereza wakashuka. Kumbe Makaburu nao wengi walishakata tamaa wakashuka upande wao. Asubuhi wachache wakapanda wakakuta kilima hakina mtu.

#4 Mshika Bunduki wa Ilala

Mwalimu umesahau la tatu. Liverpool hawakuwa wa kwanza. Arsenal, wakati ule tukiitwa Woolwich Arsenal, uwanja wetu wa Plumstead ulikuwa na tuta linaloitwa Spion Kop tangu 1904. Na Woolwich ndiko kulikokuwa kiwanda cha silaha za jeshi. Mizinga iliyopelekwa Afrika Kusini imepita mikononi mwa baba zetu wa pale. Sasa nani mwenye haki na jina?

#5 Mtoto wa Temeke

#4 nyie hata jina mlilianza nyie mkashindwa kulitunza 😂

Mwalimu nimekuelewa, nimesharekebisha kichwani. Turudi kwenye chanzo.

#6 Duara Namba 9 (Geita)

Mimi ni mchimbaji mdogo, dhahabu ni kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo naomba nimuunge mkono mleta uzi lakini kwa sababu za kitaalamu.

Watu wanasikia "dhahabu ya Johannesburg" wanadhani watu waliokota. Si hivyo. Mwamba wa Witwatersrand uliogunduliwa 1886 ni maskini. Tani nzima ya mawe unapata gramu chache. Uzuri wake ni kwamba haukatiki, unashuka chini kama meza iliyoinama, unaufuata tu. Sisi hapa ukipata mwamba wa namna hiyo kwa nyundo na karasha la kienyeji, unakufa na madeni. Ili ulipe lazima uwe na mashine kubwa, uwe na sianidi ya kuoshea marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa), uwe na baruti nyingi sana, na uwe na maelfu ya watu wa kushuka shimoni kwa ujira mdogo.

Sasa angalia Rais Kruger wa Transvaal, jamhuri ya Makaburu yenye dhahabu hiyo, alifanya nini. Haki ya kutengeneza na kuuza baruti aliwapa watu wachache kama hodhi. Bei ikapanda. Reli nayo mikononi mwa kampuni moja, nauli juu. Wenye migodi wakawa wanalia kila mwaka kwamba serikali ya wakulima inawanyonya. Na mwaka 1898 Transvaal ilikuwa inatoa karibu robo ya dhahabu yote ya dunia. London ndiyo soko la fedha la dunia. Unategemea nini?

Huku kwetu baruti ikipanda bei kidogo tu watu wanaacha maduara (mashimo ya kuchimbia). Naelewa kabisa jinsi tajiri wa migodi anavyoweza kuombea serikali ianguke.

#7 Pwani Mchambuzi

#6 maelezo matamu, lakini kuna shimo. Wenye migodi walitaka serikali nafuu, sawa. Vita waliitaka? Vita ilifunga migodi karibu yote kwa muda mrefu. Wafanyakazi Waafrika karibu laki moja waliondoka. Hakuna mfanyabiashara anayependa duka lake lifungwe hivyo.

Mimi nasema mtu aliyeitaka ni mmoja: Alfred Milner, mwakilishi wa Uingereza kule Cape, koloni lao. Tazameni mkutano wa Bloemfontein, mwishoni mwa Mei 1899. Hoja ilikuwa kura za wageni, wale Uitlanders. Sheria ya Kruger ilidai mgeni akae miaka 14 ndipo apige kura. Milner akataka miaka 5. Kruger akashuka mpaka 7. Mtu anayetaka suluhu angechukua saba akaenda nyumbani. Milner akavunja mkutano. Baadaye Agosti Kruger akakubali hata tano, kwa masharti kwamba Uingereza iache kuingilia mambo yake ya ndani. Wakakataa.

Kwa hiyo kura zilikuwa kisingizio, dhahabu ilikuwa mazingira, lakini mkono uliosukuma ni wa Milner na Chamberlain waziri wa makoloni. Walitaka Afrika Kusini yote iwe chini ya bendera moja kabla Transvaal haijawa tajiri kuliko Cape. Kumbukeni ilishapata reli yake mpaka Delagoa Bay, Msumbiji, haihitaji tena bandari za Waingereza.

#8 Mwalimu Ngosha

#7 uko vizuri, ila usimfanye Kruger malaika. Aliyetoa makataa ni yeye, tarehe 9 Oktoba 1899, na tarehe 11 vikosi vyake vikavuka mpaka kuingia Natal na Cape. Na alikuwa na sababu ya kutowaamini Waingereza: mwisho wa 1895 Jameson, mtu wa Cecil Rhodes, aliingia Transvaal na wapanda farasi ili kuipindua serikali. Rhodes alikuwa waziri mkuu wa Cape, ikabidi ajiuzulu. Wewe ungemwamini jirani wa namna hiyo?

Na kuna kisasi pia. Februari 1881 Makaburu waliwapiga Waingereza kilima cha Majuba. Maofisa walikuja 1899 na Majuba kooni.

#9 Mtoto wa Temeke

Kisasi, reli, kura, baruti. Hapa nimeanza kuyumba.

#10 Sisibo

Hamjambo wazee. Niko Eldoret. Nimeona neno Makaburu nikajua lazima niingie.

Nyinyi mnaongea habari za kitabuni, sisi walikuja kuishi nasi. Baada ya vita wengi walikuwa wamechomewa mashamba. Mwaka 1908 familia zaidi ya 40 zilikuja na Van Rensburg kwa meli hadi Mombasa, treni hadi Nakuru, halafu magari ya kukokotwa na ng'ombe wakapanda matope yale ya msituni hadi nyanda za Uasin Gishu. Mji wetu ulianza kama posta kwenye shamba namba 64, ndiyo maana wazee mpaka leo wanauita Sisibo.

Lakini nyanda hizo hazikuwa tupu. Miaka miwili mitatu kabla, Wanandi walikuwa wametoka kupigwa na Waingereza. Kiongozi wao Koitalel aliuawa 19 Oktoba 1905, alipoitwa kwenye mazungumzo. Kwa hiyo Kaburu aliyenyang'anywa shamba kule alikuja kupewa la mtu mwingine huku, na mgawaji ni yule yule Mwingereza. Mimi hilo ndilo linaniuma kila nikisikia "mateso ya Makaburu".

Babu yangu alikuwa mwongoza ng'ombe wao, anatangulia mbele na kamba ya ng'ombe wa kwanza wawili. Nyumbani bado tuna gurudumu moja la gari lile, limeegemea ukuta wa ghala.

#11 Dada wa Mangaung

Habari zenu. Nilisoma Bloemfontein miaka minne. Namheshimu #10 lakini mateso yale yalikuwa kweli, na yalikuwa ya wanawake na watoto. Naomba niyaeleze.

Mji ule una mnara mrefu wa mawe, uliozinduliwa 1913, kwa ajili ya wanawake na watoto waliokufa kambini. Chini yake kuna sanamu ya mama amempakata mtoto aliyekufa. Nilienda mara ya kwanza na wenzangu tunapiga picha, nikasoma idadi, nikaacha kupiga picha.

Ilikuwa hivi. Juni 1900 Waingereza walishachukua Bloemfontein, Johannesburg na Pretoria. Lord Roberts, kamanda wao, akaona kazi imekwisha. Haikuisha. Makamanda wa Makaburu, De Wet, De la Rey, Botha na Smuts, wakagawanyika vikundi vya wapanda farasi, wanapiga reli, wanatoweka. Chakula wanapata mashambani kwa wake zao. Jibu la Waingereza, kwanza Roberts kisha Kitchener kwa ukali zaidi, likawa kuchoma mashamba: nyumba kama 30,000. Ng'ombe na kondoo wakachinjwa. Nchi ikakatwa vipande kwa seng'enge na vibanda vya ulinzi kama 8,000. Familia zikapakiwa kwenye mabehewa ya wazi zikapelekwa kambini.

Hema moja watu kumi, kumi na wawili. Mwanzoni familia ambayo baba bado yuko vitani ilipewa posho ndogo kuliko ya yule aliyejisalimisha. Sabuni haikuwemo kwenye posho kabisa! Emily Hobhouse, Mwingereza aliyefika kambini mwanzoni mwa 1901, alianza kwa kuomba sabuni. Surua ikapita mle kama moto wa nyasi. Walikufa karibu 28,000, na kama 22,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 16.

Sasa #10, hapa ndipo nakuunga mkono. Kulikuwa na kambi nyingine, za Waafrika, zaidi ya 60. Watu kama 115,000, wafanyakazi wa mashamba yale yale yaliyochomwa. Hao hawakupewa posho, walitakiwa walime au wafanye kazi za jeshi ili wanunue chakula. Vifo vilivyoandikwa ni zaidi ya 14,000, na watafiti wanasema walikuwa wengi zaidi kwa sababu makaburi mengi hayakuandikwa. Kwenye mnara ule nilioutembelea hawakutajwa. Kila Jumapili nilikuwa napita pale kwenda kanisani, na hilo halikunitoka.

#12 Kiti cha Mbele

Dada #11 ahsante sana. Sikujua kabisa habari ya kambi za weusi.

#13 Mkweli Daima

Naomba kuuliza bila ubaya. Je, Waingereza walikusudia kuua wale watoto, au ulikuwa uzembe? Maana mara nyingi watu wanasema Hitler alijifunza huku.

#14 Nesi wa Mersey

#13 mimi ni muuguzi, naishi kaskazini ya Uingereza, acha nijibu kwa jicho la kazi yangu. Kambi za kuua kwa makusudi ni kitu kingine, tusichanganye. Hapa waliweka watu wengi mahali pamoja bila maji safi, bila vyoo vya kutosha, bila maziwa ya watoto, na surua ikiingia hapo huhitaji kukusudia. Ushahidi ni kwamba hata wanajeshi wao walikufa hivyo hivyo. Kati ya askari kama 22,000 wa dola ya Uingereza waliokufa vita nzima, zaidi ya nusu ni magonjwa. De Wet alipoteka mitambo ya maji ya Bloemfontein, Machi 31, 1900, homa ya matumbo ilifyeka askari hospitalini kwa mamia.

#15 Dada wa Mangaung

#14 dada yangu, samahani, lakini uzembe ukiambiwa na bado ukaendelea, hauitwi uzembe tena. Hobhouse aliripoti Juni 1901. Vifo viliendelea kupanda hadi Oktoba. Na mwezi huo huo aliporudi Cape Town walimzuia kushuka melini wakamrudisha kwa nguvu. Kamati ya wanawake ya Millicent Fawcett ilipokuja na kuthibitisha, ndipo mambo yakaanza kurekebishwa na vifo vikashuka. Kumbe ilikuwa inawezekana tangu mwanzo.

#16 Nesi wa Mersey

Hapo umenishika, na sibishi. Kwa kipimo cha wauguzi, ukishaandikiwa taarifa ukakaa kimya, jukumu ni lako.

Acha nihamie upande wa nyumbani kwao, maana mleta uzi ameanzia Anfield na huku hakuna aliyegusa.

Vita ilipoanza watu walidhani Krismasi wako nyumbani. Ikaja Wiki Nyeusi, 10 hadi 17 Desemba 1899: Stormberg, Magersfontein, Colenso, vipigo vitatu. Nchi ikazizima. Malkia Victoria akaagiza kila askari apelekewe bati la chokoleti la mwaka mpya 1900. Nililiona moja kwenye meza ya vitu vya kale sokoni: jekundu, sura yake katikati, limekwaruzwa pembe moja. Muuzaji akanifungulia. Ndani halikuwa na kitu ila bado lina harufu kwa mbali, au nilijidanganya. Waliotengeneza walikuwa Cadbury na wenzao, familia za Quaker ambao dini yao inakataa vita. Waliona ugumu hata kuweka nembo zao.

Vijana walijitokeza kwa wingi kujiandikisha, na hapo serikali ikaona kitu kilichoitisha. Takwimu iliyovuma sana ilikuwa ya Manchester: kati ya vijana 11,000 waliojitokeza, 8,000 walikataliwa pale pale. Vifua vyembamba, meno yameoza, miguu imepinda kwa matege. Watoto wa viwandani hao. Dola inatawala robo ya dunia na haina vijana wa kubeba bunduki! Kamati ya kuchunguza ikaripoti 1904, na mwaka 1906 ikapita sheria ya kuruhusu chakula cha mchana shuleni, 1907 ukaguzi wa afya za wanafunzi. Nikiwapima watoto shuleni huku, kazi yangu ya sasa, nakumbuka ilianzia kwenye vita ya Afrika.

#17 Pwani Mchambuzi

Nesi, nzuri sana, ila chakula cha shule kilisukumwa pia na vyama vya wafanyakazi na walimu waliokuwa wakipiga kelele miaka mingi kabla. Vita iliwasikilizisha tu wakubwa.

Ongeza na siasa. Septemba na Oktoba 1900 waziri mkuu Lord Salisbury aliitisha uchaguzi wakati ushindi bado wa moto, akashinda. Lakini waliopinga walikuwepo. Mbunge Lloyd George alikwenda Birmingham, mji wa Chamberlain mwenyewe, Desemba 1901, umati ukavamia ukumbi kwa mawe. Akatoroshwa amevaa sare za polisi. Na Waairishi walikuwa pande zote mbili: vikosi vyao vinapigana chini ya bendera ya Malkia, na MacBride na wenzake wanapigana upande wa Makaburu.

Gharama ilipita pauni milioni 200. Kodi ya mapato ikapanda mwaka hadi mwaka, na 1901 sukari ikatozwa ushuru. Hiyo ya sukari ndiyo iliyoingia chai ya maskini.

#18 Skauti wa Nyeri

Jamani hakuna aliyemtaja Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti? Kaburi lake liko kwetu hapa Nyeri, alifariki 8 Januari 1941. Alizingirwa na Makaburu Mafeking siku 217 bila kusalimu amri. Habari ya kukombolewa ilipofika London, Mei 18, 1900, watu walijaa barabarani usiku kucha. Uskauti wetu ulizaliwa na Mafeking, pale wavulana walipotumiwa kupeleka ujumbe.

#19 Mwalimu Ngosha

#18 skauti mwenzangu, hayo ni kweli, ila tukamilishe. Mafeking ilikuwa na mji wa Wabarolong, Waafrika wa pale, ndani ya mzingo ule ule. Kijana mmoja wao, Sol Plaatje, mkalimani wa mahakama mwenye miaka 23, aliandika shajara humo ndani. Waafrika ndio waliochimba mahandaki na kupenya usiku kuleta ng'ombe. Mjukuu wa Kruger, Eloff, alipovunja ngome tarehe 12 Mei, Wabarolong walikuwa mstari wa mbele kumfungia njia ya kutokea. Lakini chakula kilipopungua walipunguziwa zaidi kuliko Wazungu, wakawa wananunua supu ya nyama ya farasi, na wengine wakasukumwa watoke nje wapite katikati ya Makaburu. Waliofia njiani hawakushangiliwa London.

Pande zote mbili zilisema hii ni vita ya Wazungu. Gandhi na Wahindi kama 1,100 walibeba majeruhi, wakiwemo wa Spion Kop. Maelfu ya Waafrika walibebeshwa bunduki. Wazulu kama 7,000 walitembea kwa miguu kutoka migodini kurudi Natal vita ilipokaribia, siku kama kumi, wanamuziki wametangulia mbele na vinanda vya mkono. Halafu amani ya Vereeniging ilipotiwa saini Pretoria 31 Mei 1902, kifungu cha 8 kikasema suala la kura za Waafrika lisubiri mpaka Makaburu wapewe serikali yao. Unajua maana yake. 1910 ukaja Muungano, waziri mkuu Botha, yule yule aliyewaongoza Makaburu Spion Kop. 1913 ikaja sheria ya ardhi. Plaatje huyo huyo ndiye alikuwa katibu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC.

Kila mwaka nikifika hapo darasani, mwanafunzi mmoja lazima aulize: "Kwa hiyo mwalimu nani alishinda?"

#20 Binti wa Mazimbu

Mwalimu umenifikisha nyumbani. Nimekulia Morogoro, karibu na shule ya wakimbizi wa ANC pale Mazimbu. Neno Makaburu tulilisikia redioni kila siku. Mtaani kwetu mwenye duka akikataa kukopesha unga, anaitwa kaburu. Nilikua nikidhani kaburu ni tabia, mpaka nilipokuwa mkubwa nikajua ni kabila la watu wenye majina na bibi zao waliokufa kambini. #11 umenifikirisha sana.

#21 Mkweli Daima

Kaburu si limetokana na kaburi?

#22 Dada wa Mangaung

Hapana kaka. Wao wanajiita Boer, yaani mkulima. Wasotho na Watswana wanasema maburu. Neno letu linaelekea huko huko, ingawa hiyo "ka" ya mbele sijui nani aliipachika.

#23 Mwana Meru

Arusha tulikuwa nao pia. Walikuja enzi za Wajerumani, kuanzia 1904 na 1905, wakakaa pembezoni mwa Mlima Meru. Hawakutaka kuishi chini ya Mwingereza. Halafu 1916 Mwingereza akawafuata huko huko, na jenerali aliyemtuma ni Smuts, Kaburu aliyepigana naye miaka 14 nyuma! Smuts ndiye aliyemshinda Von Lettow, kamanda wa Wajerumani.

#24 Mwalimu Ngosha

#23 hakumshinda. Smuts alichukua Moshi, Morogoro, Dar, akaondoka mapema 1917 akisema kazi imebaki kidogo. Von Lettow alisalimu amri Abercorn (sasa Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, baada ya kusikia Ulaya wameshaacha. Smuts alifanyiwa kule kule alichowafanyia Waingereza yeye na De Wet. Na wapagazi wetu waliokufa wakibeba mizigo ya jeshi lake, Kariakoo inawakumbuka kwa jina tu.

#25 Duara Namba 9 (Geita)

Narudi kwenye hoja yangu maana #7 aliniacha. Umesema vita ilifunga migodi. Kweli. Lakini baada ya vita nini kilifuata? Ujira wa Waafrika ukapunguzwa, wao wakagoma kwa kutokwenda, serikali ya Milner ikaruhusu waletwe Wachina zaidi ya 60,000 kuanzia 1904. Wafanyakazi wa Uingereza walikasirika mpaka ikachangia Salisbury kuanguka 1906. Serikali gani nyingine ingewafanyia wenye migodi hivyo?

#26 Pwani Mchambuzi

Salisbury alishajiuzulu 1902. Aliyebwagwa 1906 ni chama chake, chini ya Balfour aliyekuwa ameshaachia madaraka. Ila hoja ya Wachina ni nzito, nakubali. Kufaidika na vita baadaye bado si ushahidi kwamba uliianzisha. Hapo hatutaelewana mimi na wewe.

#27 Duara Namba 9 (Geita)

Hatutaelewana kweli mkuu. Mtu ambaye hajawahi kudaiwa baruti hawezi kunielewa 😄

#28 Mtoto wa Temeke

Wakuu nashukuru wote. Yule dogo wa kibandani nimemsimulia habari ya handaki la magoti na yale mawe meupe. Akauliza waliobeba maji kupanda juu walikuwa nani. Mwalimu, kama unajua, nisaidie.

#10, lile gurudumu mlilipataje? Mlinunua?

#29 Sisibo

Hatukununua. Kaburu wa babu aliuza shamba 1963, wiki chache kabla ya uhuru, akarudi kwao kusini na familia yake. Babu alikuwa amefanya kazi pale miaka 31. Shamba likaenda kwa mwenye pesa. Babu akaachiwa ng'ombe wawili na hilo gurudumu, kwa sababu gari lenyewe lilishavunjika ekseli.

Nimetoka kulitazama sasa hivi. Chuma cha pembeni kimeliwa na kutu ila mbao ni nzima. Lina mikono 14. Mama huanika mahindi juu yake.

#30 Kiti cha Mbele

Piga picha uiweke hapa mkuu.

#31 Sisibo

Kesho kukikucha. Sasa hivi mvua inanyesha.